Mzinga haubebwi, hukokotwa

Msomaji mmoja wa safu hii, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili huku Mombasa, ameniletea sentensi mbili alizozikuta katika insha za wanafunzi wake baada ya ziara ya Ngome ya Yesu. Zitazame:

(a) Wareno walibeba bunduki kubwa wakazipanga juu ya ukuta.

(b) Wajerumani walikokota mabomu ya meli hadi porini. Siku hizi wazungu hutengeneza mengine feki ya kuchezea.

Mwalimu anahisi sentensi hizi zina kasoro, ila hataki kuzikata kwa wino mwekundu bila ya kueleza sababu. Ana haki. Tuzipime neno kwa neno.

Tuanze na jina la chombo. Kinachoonekana Ngomeni si bunduki wala bomu, ni mzinga (wingi mizinga, ngeli ya U-I). Bunduki hushikwa na mtu mmoja akalenga. Bomu ni kitu kinacholipuka chenyewe. Mzinga hurusha, kinachorushwa ni tufe la chuma katika mizinga ya kale, au kombora katika ile ya baadaye. Bomba lake refu huitwa mtutu, kama ilivyo kwa bunduki. Mzinga pia ni gogo lililotobolewa wafugie nyuki, na ukiutazama mtutu wa kale huhitaji kuambiwa kwa nini jina likawa moja. Mitaani neno limezidi kuzaa. Kijana wa Kenya akisikia mzinga hufikiria chupa kubwa ya pombe kali, na mwenzake wa Tanzania akikupiga mzinga, basi anakuomba pesa. Sina ugomvi na hayo, mradi mwanafunzi ajue maana aliyoikusudia.

La pili ni hilo feki. Kweli, Marekani na Uingereza wapo watu ambao starehe yao ni kuigiza vita vya kale. Huvaa sare za enzi hizo na kuliza mizinga iliyoundwa upya kwa vipimo vya ile ya zamani. Si kazi ya kitoto. Mtutu wa shaba wa mzinga aina ya Napoleon wa mwaka 1857, uliotumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, una uzani wa kilo 550 hivi, bado hujahesabu gari lake la mbao na magurudumu. Chombo cha ukubwa huo hakichukuliwi kwapani, hata kikiwa kimeundwa jana. Huvutwa kwa winchi hadi juu ya trela, magurudumu yakatiwa kabari, kisha kikafungwa kwa minyororo.

Je, tukiite mzinga feki? Hapana. Feki na ghushi hubeba nia ya kudanganya. Bandia husimama mahali pa kitu halisi, kama meno bandia. Mfano waweza kuwa mdogo wa kuwekwa mezani. Kilichoundwa kwa ukubwa na umbo lilelile la cha kale kinastahili kuitwa nakala: nakala ya mzinga. Na hapa si suala la umaridadi tu. Nakala inayolia kwa baruti inaweza kuua, kwa hiyo anayeijazia hati za bandarini akaandika "mfano wa mzinga" amempotosha ofisa wa forodha.

Sasa tufike penye uzito wenyewe, yaani kitenzi. Kubeba ni kuchukua mzigo mkononi, begani, mgongoni au kichwani. Meli nayo hubeba, kwa hivyo "Meli ilibeba mizinga" ni sawa kabisa. Lakini mtu na mzinga? Haubebwi ati! Hukokotwa. Kukokota ni kuvuta kitu kizito polepole kikufuate, na ndiyo asili ya mkokoteni tunaoupisha kila siku katika vichochoro vya Mji wa Kale. Kisipokuwa na magurudumu, huburutwa. Mtutu mtupu, kwa kuwa ni mviringo, waweza kufingirishwa. Ukikwama, huinuliwa kwa wenzo, ule mti au chuma cha kuchokolea kitu kizito. Wingi wake ni nyenzo, neno ambalo leo tunalisikia zaidi katika "nyenzo za kufundishia" hadi tumesahau jasho lake.

Aliyeandika sentensi (b) basi amepatia kitenzi. Kisa anachokisimulia ni cha kweli, na ushahidi uko papo hapo Ngomeni: mzinga mmoja wa manowari ya Kijerumani Königsberg, na mwingine wa manowari ya Kiingereza Pegasus. Königsberg iliizamisha Pegasus Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Waswahili waliibandika jina "manowari na bomba tatu", kwa zile dohani zake tatu. Ilipofikia mwisho wake katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, Wajerumani waliopoa mizinga yake 10 yenye kipenyo cha milimita 105, wakaitengenezea magari huko Dar es Salaam, ikaenda kupigana bara.

Ikaenda vipi? Mzinga wa manowari haukuundwa kutembea njia za miguu. Ulikokotwa na mamia ya watu, kwa kamba, kwenye matope na vilima. Kwa hiyo ukisema "Wajerumani walikokota mizinga" kitenzi ni sahihi, lakini mtendaji siye. Ukikimbilia kauli ya kutendwa, "mizinga ilisafirishwa", umemfuta mtendaji kabisa. Kiswahili kina kauli ya kutendesha kwa kazi hii hasa: "Wajerumani waliwakokotesha wapagazi mizinga." Kiambishi -esh- kimewaweka wote wawili ndani ya sentensi, aliyeamuru na aliyevuta. Hii ndiyo sarufi ninayoomba ifundishwe, maana inasema ukweli.

Na majina ya wavutaji nayo yasichanganywe. Mpagazi ni mchukuzi wa safari ndefu. Jina limetokana na kupagaa, kuchukua mzigo begani. Hamali, neno tulilopokea kutoka Kiarabu, ni mchukuzi wa mjini na bandarini. Waingereza nao walikusanya wapagazi wao katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo, sokoni Dar es Salaam, na Kariokor huko Nairobi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi kwa maradhi na njaa. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Wana jina la soko, nasi hulitaja tukienda kununua nyanya.

Hata harambee, kabla ya kuandikwa kwenye nembo ya taifa la Kenya, ilikuwa sauti ya watu wa pwani wakivuta kitu kizito kwa pamoja.

Basi mwalimu, sentensi zisomeke hivi: (a) "Wareno walileta mizinga kwa meli, ikakokotwa na kupangwa juu ya ukuta." (b) "Wajerumani waliwakokotesha wapagazi mizinga ya manowari hadi porini. Siku hizi kuna watu wanaounda nakala za mizinga ya kale kwa ajili ya maigizo." Katika (a) mkokotaji bado hajatajwa. Waulize wanafunzi ni nani walioikokota, kisha wapeleke maktabani.