Kuhesabu Jozi bila Kuziorodhesha

Katika mashindano ya kuandika programu za kompyuta, kama vile Olimpiadi ya Kimataifa ya Infomatiki iliyoanza mwaka 1989 nchini Bulgaria, jibu sahihi peke yake halitoshi. Sharti lipatikane ndani ya muda uliowekwa.

Tuchukue mfano. Tuseme ghalani Mpanda, mkoani Katavi, mna magunia 8 ya mahindi yenye uzito wa kilo 83, 97, 90, 101, 79, 110, 87 na 93. Mkaguzi ana mizani yenye mawe ya kilo 10 tu. Je, ni jozi ngapi za magunia anazoweza kuzihakiki barabara, yaani zile ambazo jumla ya uzito wake ni kigawe cha 10?

Njia ya kwanza ni kujaribu jozi zote 28. Lakini magunia yakiwa 100,000, jozi hufikia 4,999,950,000!

Njia ya pili ni kugawanya kila uzito kwa 10 na kutazama baki tu. Hapa tunapata 3, 7, 0, 1, 9, 0, 7 na 3. Baki 3 huoana na 7: 2 × 2 = 4. Baki 1 huoana na 9: jozi 1. Baki 0 huoana zenyewe kwa zenyewe: jozi 1. Jumla ni jozi 6, na kila gunia limetazamwa mara moja tu.

Hivyo hata shule isiyo na kompyuta yaweza kuanza maandalizi kwa kalamu na karatasi. Mashine hutekeleza, njia hubuniwa na akili.

Zoezi: Ongeza magunia mawili, ya kilo 85 na 95. Sasa jozi ni ngapi?