Fremu Mbili

Filamu ya Lawrence of Arabia ilitoka mwaka 1962, na ndani yake mna mkato mmoja ambao sisi wahariri wa filamu hatujachoka kuuzungumzia. Peter O'Toole, anayeigiza nafasi ya Lawrence, ameshika njiti ya kiberiti inayowaka. Anaitazama, kisha anaipuliza. Mara tunauona upeo wa jangwa, mwekundu kama kaa la moto, na polepole jua linachomoza.

Mkato huo haukupangwa. Mswada ulitaka picha ya kwanza ififie taratibu huku ya pili ikijitokeza juu yake. Siku hizo jambo kama hilo lilifanyika maabara, si kwenye meza ya mhariri. Anne V. Coates, aliyeihariri filamu ile, alikuwa ameviunganisha tu vipande viwili vya filamu na kutia alama kwa penseli ya nta ili maabara wajue pa kufanyia kazi. Yeye na mwongozaji David Lean walipokaa kutazama, picha zikapishana ghafla, bila kufifia. Wote wawili wakashtuka kwa kupendezwa. Lean akamwambia kwamba mkato unakaribia kukamilika, basi akaukamilishe. Coates alieleza baadaye alichokifanya: alitoa fremu mbili.

Filamu ya sinema hupita kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo fremu mbili ni sehemu moja ya kumi na mbili ya sekunde. Ukipepesa jicho zimekwisha. Hata hivyo mtu alizitazama, akaona zimezidi, akazikata, na mwaka uliofuata akapata tuzo ya Oscar ya uhariri kwa filamu hiyo. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, na bado swali linalonivutia kuliko yote ni hili: jicho la kuziona fremu mbili hupatikana wapi?

Pengine nianze kwa kuitetea kazi yenyewe, maana jina tulilolipa linaificha. Neno mhariri tulizoea kulisikia kwenye magazeti, kwa mtu anayesahihisha makosa ya wengine. Ndiyo maana watu huniuliza kama kazi yangu ni kuondoa sehemu zilizoharibika. Naziondoa, ndiyo, lakini hiyo ni kazi ya siku mbili za kwanza. Miezi inayobaki ni ya kuunga. Nalipenda neno hilo kwa sababu jikoni pia tunaunga: mboga zile zile, chumvi ile ile, lakini anayejua wakati wa kutia tui zito na wakati wa kuepua hupata mchuzi ambao jirani yake hapati.

Chukua papa wa filamu ya Jaws ya mwaka 1975. Papa yule alikuwa mashine, na mashine yenyewe ilisumbua sana baharini. Mwongozaji Steven Spielberg amesimulia jinsi alivyobishana na mhariri wake, Verna Fields, juu ya urefu wa picha moja ya papa. Ikiwa fremu 36 ilitisha. Ikifika 38, mtazamaji aliona kitu kikubwa cha bandia kinachoelea. Spielberg alikuwa ametaabika siku nyingi kuipata picha hiyo, na alitamani ibaki ndefu. Fields aliona kilichomo kwenye picha tu. Tofauti yao ilikuwa, kwa mara nyingine, fremu mbili.

Sasa nije kwetu, kwa sababu lugha nayo ina fremu zake. Waandishi wa miswada hufundishwa kuingia kwenye tukio likiwa limeshapamba moto: ondoa salamu, ondoa kukaribishana, nenda moja kwa moja kwenye neno. Kwenye tamthilia ya Kiswahili ushauri huo unaweza kumharibu mhusika. Kijana akiingia sebuleni kwa shangazi yake na kuanza kueleza shida ya ada ya chuo bila shikamoo, watazamaji watamwona hana adabu, na hadithi haikukusudia hivyo. Lakini ukiacha salamu yote, pamoja na habari za nyumbani, za safari na za watoto, robo dakika imepita na hakuna kilichotokea.

Njia mojawapo ni kutokata sauti na picha mahali pamoja. Picha inabaki kwa shangazi anayechambua mchele kwenye ungo. Kutoka nje tunasikia "Hodi!" Kabla hajaitika, uso wake unabadilika. Anasema "Karibu," na picha inayofuata kijana ameshakaa kitini, huku "marahaba" ya shangazi ikiishia juu ya uso wake. Adabu imetimia, na muda wote umekuwa sekunde tano. Zaidi ya hayo, kati ya hodi na karibu tumejua kama mgeni huyu alitakiwa au la, na hakuna aliyetamka. Mkato wa aina hii, sauti ikitangulia picha, wahariri huuita kwa herufi J, na kinyume chake huuita L, kwa sababu ya umbo ambalo mistari ya sauti na picha huchora kwenye programu ya uhariri. Sisi tungeweza kuuita mkato wa hodi. Nyumba zetu zimeujua muda mrefu: sauti ya mgeni huingia kabla ya mgeni.

Ni muda gani shangazi anyamaze kabla ya kuitika? Hapo hakuna kitabu kitakachokusaidia. Ukiongeza kidogo anakuwa na hofu, ukipunguza kidogo anakuwa na furaha, na mwigizaji ni yule yule katika kipande kile kile.

Zamani jibu la swali langu la jicho lilikuwa wazi: lilipatikana kwa kukaa ubavuni mwa mtu. Margaret Booth aliajiriwa na mwongozaji D. W. Griffith mwaka 1915 kuunganisha vipande vya filamu. Enzi hiyo waajiri waliwapa wasichana wengi kazi hiyo, wakiiona inafanana na ushonaji. Kwa kukitazama kila kipande kikipita mikononi mwake alijifunza, na kuanzia mwaka 1939 hadi 1968 alikuwa msimamizi mkuu wa uhariri wa kampuni ya MGM. Coates mwenyewe alikuwa muuguzi kabla ya filamu. Mlango alifunguliwa na mjomba wake, tajiri wa sinema J. Arthur Rank, lakini akaanzia chini, kwenye kukarabati nakala za filamu za dini, kisha akawa mhariri msaidizi kwenye The Red Shoes ya mwaka 1948.

Msaidizi wa wakati ule hakuwa na pa kwenda. Filamu ilikuwa kitu cha kushikwa: vipande vilining'inizwa kwenye vijiti juu ya pipa lenye kitambaa, na mhariri akitaka fremu sita alizozikata juzi, msaidizi ndiye aliyezitafuta. Kwa hiyo alikuwemo chumbani mhariri na mwongozaji walipobishana. Alisikia kwa nini kipande kilirudishwa, na kwa nini jioni yake kilitolewa tena.

Programu ya uhariri ya Avid ilipokuja mwaka 1989, na hasa baada ya Walter Murch kupata Oscar kwa The English Patient ya mwaka 1996, filamu ya kwanza iliyohaririwa kidijitali kushinda tuzo hiyo ya uhariri, kazi ya msaidizi ilihamia chumba kingine, mara nyingi usiku. Anapakia mafaili, anaoanisha sauti na picha, anapanga. Na mafaili yenyewe ni mafuriko. Margaret Sixel alipohariri Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015 alikabidhiwa saa zipatazo 480 za picha. Ukizitazama bila kulala ni siku 20. Asubuhi mhariri anakuta kila kitu kimepangwa, na aliyekipanga ameshakwenda nyumbani. Mabishano hayasikii.

Huku kwetu wengi wetu hatukuwahi kuwa na chumba hicho kabisa. Kijana anapata kompyuta, anajifunza kwa video za intaneti, anaanza na harusi, anaingia kwenye matangazo, kisha tamthilia. Anahariri, anarekebisha rangi, anasawazisha sauti, anaandika tafsiri chini ya picha, peke yake, na kesho kipindi kinaruka hewani. Nimeona vijana wa aina hii wenye mikono myepesi kuliko yangu. Wanachokikosa ni mtu mmoja nyuma ya bega wa kusema: simama, rudi nyuma kidogo. Nami nilikikosa, hadi mzee mmoja alipozima sauti ya kazi yangu na kunitazamisha mama akipokea habari za msiba. Nilikuwa nimekata kabla hajavuta pumzi. Nilitazama mara tatu ndipo nikaona.

Ndiyo maana nawaomba watayarishaji waandike mhariri msaidizi kwenye bajeti, hata kwa malipo madogo, na wahariri waweke kiti cha pili chumbani. Mimi nimekiweka. Binti anayekikalia ana miezi minne sasa. Juzi tulikuwa kwenye tukio la shangazi na mchele, nikaridhika, nikanyanyuka kwenda kunywa chai. Akaniita. Alidhani "karibu" inawahi. Nikamwambia haiwahi. Akaicheza tena bila sauti, akasimamisha, akaongeza fremu mbili za ukimya, akaicheza.

Chai ikapoa. Zile fremu zimo kwenye filamu.