Barakoa mbili nilizokataliwa Entebbe

KATIKA begi langu la mkononi usiku ule nilikuwa na barakoa mbili. Moja ilikuwa ya kitenge, imeshonwa na fundi wa soko la Owino kwa vipande vilivyobaki kwenye gauni la dada yangu, lile alilovaa tulipomzika mama. Ya pili niliinunua Kikuubo kwa bei iliyoniuma. Ilikuwa nene, nyeupe, na ubavuni ina kidude cha plastiki cha kutolea pumzi. Muuzaji aliniapia kwamba hiyo ndiyo wanayovaa madaktari.

Ilikuwa mwishoni mwa Machi 2021. Miaka hiyo nilikuwa nikiishi na kufanya kazi Ujerumani. Nilirudi Uganda Oktoba 2020, mara tu uwanja wa Entebbe ulipofunguliwa tena tarehe 1 ya mwezi huo baada ya kufungwa tangu Machi. Nilikuja kumuuguza mama. Hakupona.

Msomaji aliyepata kuishi ughaibuni anaijua hesabu niliyokuwa nayo kichwani. Kibali cha kuishi Ujerumani kwa kawaida hufa ukikaa nje ya nchi hiyo zaidi ya miezi sita. Kwangu mimi zilikuwa zimebaki siku nne. Cheti cha kipimo cha korona nacho kilikuwa na saa zake 72, na zaidi ya nusu zilikwisha kupita. Kukikosa kiti cha usiku ule kulikuwa na maana moja tu: kupoteza kazi, na kuanza upya kuomba viza kama mtu asiyepata kufika kule.

Kampala ilikuwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku, lakini mwenye tiketi aliruhusiwa kupita. Dereva alionyesha tiketi yangu kwenye vizuizi, tukafika uwanjani salama. Nikajipanga kwenye foleni huku kitenge changu kikinifunika pua na mdomo.

Kijana wa kwenye kaunta aliipokea pasi yangu ya kusafiria, akasoma cheti, kisha akaninyooshea kidole usoni.

“Ssebo, hiyo barakoa haipandi kwenye ndege yetu. Ya kitambaa haikubaliki tena.”

Sikutetereka. Nilifungua begi kwa majivuno, nikatoa ile ya bei. Akaitazama kidogo tu.

“Hii ndiyo mbaya zaidi. Ina vali.”

Nilimweleza kwamba barakoa hiyo ni ghali kuliko viatu alivyovaa. Hakukasirika. Aliniambia nisogee pembeni ili wenzangu wahudumiwe, na kwamba kaunta ingefungwa baada ya dakika 40. Duka la dawa lililokuwa jirani lilikuwa limefungwa.

Shirika lile silitaji jina, kwani halikufanya kosa. Kanuni ilikuwa kwenye barua pepe niliyotumiwa pamoja na tiketi. Mimi ndiye sikuisoma.

Mama wa Busia

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa makamo aliyekuwa kwenye foleni ya ndege ya Dubai. Alikuwa ameisikia mabishano yetu yote. Aliniita kwa mkono.

“Mwanangu, huna za karatasi?”

“Sina, mama.”

Akafungua mkoba, akatoa boksi zima la barakoa za hospitali, zile za buluu zinazouzwa kwa bei ya kikombe cha chai. Akanihesabia tano. Nilipotaka kumlipa alikataa. Akaniambia yeye ni mfanyabiashara wa Busia, na mpakani alikwisha kufundishwa na askari, na manesi, na madereva wa malori.

“Utabadilisha kila baada ya saa nne. Ikilowa haifanyi kazi,” alisema, kisha akarudi kwenye foleni yake.

Niliivaa, nikarudi kaunta, nikapewa pasi ya kupandia ndege. Niliingia Ujerumani zikiwa zimebaki siku tatu.

Kwa nini ya bei ilikataliwa?

Swali hilo lilinisumbua njia nzima. Jibu lake nililipata baadaye, nalo ni rahisi.

Barakoa yenye vali huchuja hewa unayoivuta ndani, lakini hewa unayoitoa hupita kwenye kile kidude bila kuchujwa. Ilitengenezwa kwa ajili ya mafundi wanaofanya kazi kwenye vumbi. Fundi anataka kujikinga yeye, na ukuta anaoupaka rangi hauambukizwi mafua. Ndani ya ndege mambo ni kinyume: shirika linataka abiria wakingane. Mwenye vali amejikinga yeye na kumwachia jirani pumzi yake.

Ya kitambaa tatizo lake ni jingine. Hakuna kipimo kimoja. Kitenge cha fundi mmoja ni tabaka tatu, cha mwingine ni tabaka moja la kupitisha mwanga. Mhudumu wa ndege hawezi kukipima kwa macho. Lakini za hospitali, na zile zenye alama ya FFP2, N95 au KN95, zina viwango. FFP2 hutakiwa kuzuia angalau asilimia 94 ya chembe ndogo zinazotumika katika kuipima, na N95 asilimia 95.

Vyote ving’aavyo si dhahabu, walisema wahenga. Ile karatasi ya mama wa Busia ilifaa kuliko vyote viwili nilivyokuwa navyo.

Kila shirika na sheria yake

Kilichowachanganya wasafiri wengi miaka ile ni kwamba hapakuwa na sheria moja. Nchini Marekani mashirika kama Delta na American yalipiga marufuku barakoa zenye vali Agosti 2020. Serikali ya huko ilipotoa amri yake mwanzoni mwa Februari 2021, ya kitambaa iliendelea kukubalika, lakini si yenye vali, wala skafu, wala kioo cha plastiki kilichovaliwa peke yake bila barakoa.

Ulaya walikaza zaidi. Kuanzia tarehe 1 Februari 2021, Lufthansa iliwataka abiria wa safari za kuingia na kutoka Ujerumani wavae za hospitali, au FFP2 na za kiwango hicho. Finnair ilifuata Agosti 2021 kwa kuzikataa za kitambaa. Emirates, kwa upande wake, iliwapa abiria kifurushi chenye barakoa, glavu na dawa ya mikono.

Hivyo mtu angeweza kutoka nyumbani na barakoa iliyokubalika kwenye teksi, kwenye benki na kwenye ukaguzi wa uwanjani, kisha akakwama kaunta. Serikali ya Uganda yenyewe iligawa barakoa za kitambaa bure kwa wananchi mwaka 2020. Nani angedhani kwamba kilichogawiwa na Serikali kingekataliwa na ndege?

Mpakani nako

Wenzetu wa mpakani walipata adha yao kwa njia nyingine. Kwao ugomvi haukuwa barakoa, ulikuwa kipimo. Januari 2022 madereva wa malori waligoma Malaba na Busia kwa sababu ya kutakiwa kupimwa kwa malipo ya dola 30 kila mmoja. Foleni ilienea kilomita nyingi ndani ya Kenya, na hapa Kampala petroli ikaadimika na bei yake kupaa. Serikali iliondoa malipo hayo, malori yakaanza kusogea.

Somo ni lile lile. Sheria inapobadilika ghafla, anayeumia kwanza ni yule aliye njiani.

Hali ya sasa

Leo mambo yametulia. Amri ya Marekani iliangushwa na mahakama Aprili 2022. Mwezi uliofuata wakuu wa usalama wa anga wa Ulaya waliacha kupendekeza barakoa kwa kila abiria. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si tena dharura ya dunia.

Hata hivyo, msomaji usizitupe zote. Mwongozo wa chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, bado unawataka wahudumu wampe barakoa abiria anayeonyesha dalili za ugonjwa wa kuambukiza, iwapo anaweza kuivumilia. Ukikohoa mfululizo usishangae ukipewa. Tena sisi wa Uganda tunajua magonjwa hayapigi hodi: Ebola ilitangazwa hapa Kampala Januari 2025, ikatangazwa kwisha Aprili mwaka huo huo.

Kwa wanaosafiri, mimi nawashauri mambo matatu. Kwanza, soma barua pepe ya tiketi hadi mstari wa mwisho, na kama utabadili ndege njiani, soma masharti ya shirika la pili pia. Pili, beba barakoa chache za hospitali zisizo na vali. Hazina uzito wala bei. Tatu, kama unaumwa kifua au unasafiri na mtoto mdogo, uliza mapema. Wakati ule Lufthansa haikuwalazimisha watoto walio chini ya miaka sita, lakini Marekani walioachwa ni wa chini ya miaka miwili tu. Na mgonjwa aliyetaka kusamehewa na Lufthansa alihitaji fomu ya shirika lenyewe iliyojazwa na daktari.

Mimi nimekwisha kurudi nyumbani moja kwa moja, na nina duka dogo hapa Kikuubo. Ile ya kitenge nimeihifadhi kwa ajili ya mama. Ile yenye vali nilimpa fundi anayenipakia rangi duka, na anasema inamfaa sana.

Kwenye begi langu la safari sikosi za karatasi. Nabeba tano zangu, na nyingine tano za mtu nitakayemkuta amesimama pembeni ya kaunta.