TENDWET, MTI WA DAWA

Sisi wa Kericho na Bomet tunajua kwamba kwa Kikipsigis kerichek ni dawa. Leo nawaelezea dawa moja, gome la tendwet. Mti huu, ambao wataalamu huuita Prunus africana, humea katika msitu wa Mau, jirani na mashamba ya chai. Waganga wa kienyeji huchemsha gome lake kutibu maumivu ya tumbo. Ulaya nako hutengenezewa dawa ya wazee wanaokojoa kwa shida kwa sababu ya tezi dume kuvimba.

Je, shida iko wapi? Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa kupitia gomeni. Ukiuchuna mti ukauzunguka wote, mizizi hufa njaa na mti hukauka. Ndiyo sababu tangu 1995 biashara ya kimataifa ya gome hili inasimamiwa na mkataba wa CITES.

Basi nawasihi, mchunaji asiuzungushe mti kisu. Nasi tupande mingine, tena mbegu zipandwe mapema kwani hazikai sana. Na mzee anayeugua apimwe hospitalini kwanza, maana huenda ikawa saratani. Tukiumaliza tendwet, wajukuu wetu watarithi jina tu.