Faini kwa Jirani, Udhuru kwa Nafsi

Dereva aliyekwama kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, humlaani mwenzake anayechepukia njia ya mabasi ya mwendokasi. Siku akichelewa kazini, huchepuka yeye. Ukimuuliza, hatakwambia sheria ile ni mbaya. Atakwambia leo ana dharura.

Mtu huyo tunamwita mnafiki, tukidhani dhamiri yake imelala. Majaribio ya wanasaikolojia yanaonyesha kwamba dhamiri i macho, ila mwenyewe ameiwekea wakili hodari.

Mwaka 1997, Daniel Batson wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, na wenzake waliwapa wanafunzi kazi mbili wazigawe, moja iwe yao, nyingine iwe ya mwenzao wasiyemwona. Ya kwanza ilikuwa na tiketi za bahati nasibu, ya pili ilichosha na haikuwa na zawadi. Waliwekewa sarafu, wakaambiwa wengi huona kumpa kila mtu nafasi sawa ndiyo haki. Kati ya washiriki 20, 10 waliirusha. Kwa bahati tupu, 5 hivi wangepata kazi yenye tiketi. Waliojipa kazi hiyo walikuwa 9. Walitaka waonekane wametenda haki, hata machoni pao wenyewe, bila kuilipia gharama yake. Katika jaribio la baadaye, mshiriki aliwekewa kioo mbele yake. Waliorusha sarafu huku wakijitazama, matokeo yao yakawa nusu kwa nusu.

Mwaka 2008, Piercarlo Valdesolo na David DeSteno waliuliza swali jingine: upendeleo huu huanzia wapi? Katika jaribio lao, waliojichagulia kazi nyepesi walijiona wametenda haki kuliko walivyomwona mtu mwingine aliyefanya vilevile. Lakini walipotakiwa kujihukumu huku wakikariri mfululizo wa tarakimu, tofauti ile ilitoweka, wakajihukumu kwa ukali uleule waliomhukumia mwenzao. Maana yake ni kwamba hisia ya kwanza huwa ya haki. Udhuru huja baadaye, nao huhitaji akili yenye nafasi ya kuutunga.

Tena malighafi ya udhuru iko tele. Nafsi yangu naijua kwa nia zake, uchovu wake na shida zake za nyumbani, ilhali jirani namjua kwa matendo yake tu. Kwangu kila kosa lina historia, kwake ni kosa tupu. Ndiyo maana mkuki kwa nguruwe huwa mtamu.

Basi mahubiri peke yake hayatoshi, kwa sababu mhubiriwa anakubaliana nayo tayari. Kinachosaidia ni kuamua kabla ya mtu kujua zamu itamwangukia nani. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hufanya hivyo: faini ya kuchelewa huandikwa kwenye katiba siku ya kwanza na hulipwa palepale kikaoni, mwenyekiti akiwamo. Sanduku la fedha huwa na kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayeitwa mwizi. Kikundi kimetambua tu kwamba mtu mwema, akibaki peke yake na sanduku na shida, hakosi sababu.

Nasi tunaweza kujipima vivyo hivyo. Kabla ya kujisamehe, jiulize kama udhuru huohuo ungeukubali kutoka kwa mtu usiyempenda. Kama usingemkubalia, wewe pia unadaiwa faini.