Mganga Yuko Wapi, na Mtumbwi Uko Wapi?

Wenzetu wanaokaa kando ya Ziwa Tanganyika wanaijua vizuri hesabu hii. Usiku wa giza mitumbwi yenye injini iko ziwani na taa zake, inavua dagaa. Usiku wa mbalamwezi mitumbwi imelala pwani, lakini mifuko nayo ni mitupu, maana dagaa hawavuliwi. Basi mgonjwa akizidiwa usiku huko Kalya, au Sigunga, au kule kaskazini Kagunga karibu na mpaka wa Burundi, swali la kwanza nyumbani si "Ana ugonjwa gani?" Ni "Nani ana boti, na petroli atalipa nani?"

Hospitali ya Maweni ipo mjini Kigoma. Hospitali ya misheni ya Kabanga ipo upande wa Kasulu. Waganga wamo, na vyumba vya kupasulia vimo. Lakini mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa katika muda wa saa mbili tu, na saa mbili ndani ya mtumbwi, katika upepo wa kusi uvumao tangu Mei hadi Septemba, hazimfikishi mtu mbali. Zamani watu wa vijiji vya kusini waliingoja meli Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915. Meli ilifaa sana kwa wasafiri na magunia ya dagaa. Uchungu wa uzazi, lakini, haungoji zamu ya meli.

Je, pwani hii haijapata kuwa na mganga wake yenyewe, mtu anayezijua nyumba na watoto wao? Imepata. Mganga huyo aliitwa Adrian Atiman, na makao yake yalikuwa Karema. Karema ni mbali kusini ya Kigoma, siku hizi katika Mkoa wa Katavi, lakini ziwa ni hilo hilo na taabu za watu ni zile zile.

Atiman hakuzaliwa huku. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, kando ya mto Niger karibu na Timbuktu, yapata mwaka 1866. Angali mtoto mdogo alitekwa, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha, wakamsomesha. Halafu Kardinali Lavigerie akampeleka kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine Waafrika wasomee uganga. Shabaha ya Kardinali ilikuwa kupata makatekista walio pia waganga, watu wa kuishi kati ya watu, si wa kupita tu. Mwaka 1888 Atiman alifunga safari ya kuja Zanzibar, akapanda bara na msafara kwa miguu, akafika Karema mwaka 1889. Akaoa huko, akajenga huko, na mwanawe Joseph akawa padre. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1956. Hesabu, msomaji: miaka 67 katika kazi ile ile, mahali pale pale!

Mtoto aliyemtibu siku za kwanza aliweza kumletea mjukuu, na pengine kitukuu. Hakuna daftari la hospitali linaloweza kushinda kumbukumbu kama hiyo. Atiman alijifunza pia dawa za miti kwa wenyeji, akaziunga na elimu yake ya Malta. Lakini tusidanganyane. Sehemu kubwa ya maisha yake hakukuwa na penisilini, wala hakukuwa na akiba ya damu ya kumwongeza mzazi. Akina mama wengi ambao leo wangepona hawakupona, hata mganga alipokuwa hatua chache tu kutoka nyumbani. Kwa hiyo hatumtaji ili kulilia siku za kale. Tunamtaja kwa sababu ya jambo moja: alikubali kukaa.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wananchi wenye shahada ya udaktari walikuwa 12 tu. Serikali ikatafuta njia nyingine. Tabibu aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa vijijini alisomeshwa miaka miwili zaidi, akawa daktari msaidizi, mwenye ruhusa ya kupasua. Wapo waliowadharau, wakisema hao ni madaktari nusu. Basi, watafiti wakaenda kwenye hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, wakapima kazi ya hao wasaidizi katika kuwapasua akina mama, wakailinganisha na ya madaktari wenye shahada. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Hawakuona tofauti ya maana kati yao! Wenye kudharau walinyamaza, au ingefaa wanyamaze.

Tangu mwaka 2006, kwa msaada wa mfuko wa Bloomberg wa Marekani, vituo vya afya kadhaa vya Mkoa wa Kigoma vilipewa vyumba vya kupasulia, na watumishi wake wakafundishwa kazi hiyo. Mpango wa serikali wa mwaka 2007 nao ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Huo ndio msaada wa kweli kwa mwambao: kumsogeza mpasuaji kwa mgonjwa, badala ya kumsogeza mgonjwa kilomita nyingi juu ya maji.

Lakini nani atakaa ndani ya majengo hayo? Hapo pana ugumu wenyewe. Muuguzi kijana aliyesoma mjini anashushwa mwaloni na sanduku lake. Anakuta nyumba inavuja, hakuna taa, na maji ni ya kuchota ziwani. Mwaka haujaisha, anaomba uhamisho. Tunamlaumu bure. Kijiji kinachoweza kuchanga kwa ajili ya arusi siku tatu mfululizo kinaweza pia kumwezekea muuguzi bati, kumtengea shamba la mihogo, na kumwita kwa jina lake badala ya "yule wa serikali". Nyumba ya mtumishi ni dawa, ingawa haikai kabatini.

Na mama mjamzito aliyewahi kupasuliwa, au mwenye mapacha, au mwenye kuvimba miguu na uso na kuumwa kichwa sana, asingoje uchungu ndipo atafutiwe boti. Na aende mapema akae kwa ndugu karibu na hospitali. Baba atabaki na watoto. Ugali hata yeye anaweza kuusonga.

Ikiwa dharura imekwisha kufika, ipo nambari ya simu 115, nayo haina malipo. Ni ya mpango uitwao m-mama, ulioenezwa nchi nzima tangu mwaka 2022, kwa ajili ya wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Anayepokea simu huuliza hali ya mgonjwa, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana hutafuta dereva aliyeandikishwa katika eneo hilo, ambaye hulipwa na mpango, si na mgonjwa. Kwa hiyo wenye maboti wa mwambao na wamwulize mganga mkuu wa wilaya namna ya kuandikishwa, kabla ya usiku wa giza. Na anayepiga simu ataje kijiji, kitongoji na jina la mwalo, maana gizani pwani yote hufanana.