MJI ULIOUPA MTO KISOGO

Katika jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani, uko mji uitwao Chattanooga. Mji huo ulizaliwa kwa sababu ya mto, kwani hapo ndipo mashua zilipotia nanga na wafanya biashara wakajenga maduka yao. Baadaye reli ilifika, vikajengwa viwanda vya chuma, na ukingo wa mto ukajaa maghala. Kisha barabara pana ya malori ikapitishwa kando ya maji, hata raia aliyetaka kwenda kuutazama mto wake hakuwa na njia nzuri ya kuufikia. Moshi nao ulizidi. Mwaka wa 1969 serikali kuu ilitangaza kwamba hewa ya Chattanooga ilikuwa miongoni mwa hewa chafu kuliko zote nchini. Viwanda vilipoanza kufungwa, watu wengi walikosa kazi, na katikati ya mji pakawa kama mahame.

WANANCHI WAULIZWA KWANZA

Wakuu wa mji hawakuanza kwa kuita wajenzi, bali walianza kwa kuita watu. Mwaka wa 1984 ilifanywa mikutano mingi, na watu yapata 1,700 walikuja kusema jinsi walivyotaka mji wao uwe utakapofika mwaka wa 2000. Mambo 40 yaliandikwa. Miongoni mwa hayo, mawili yalikuwa na uzito mkubwa: mto urudishwe kwa wananchi, na watu wenye mapato madogo wapate nyumba zinazofaa. Mwaka wa 1986 vikaundwa vyama viwili visivyotafuta faida. Kimoja kilishughulika na ardhi ya ukingoni. Cha pili kilikopesha watu fedha kwa masharti nafuu ili wanunue nyumba au watengeneze zile mbovu.

TAABU YA MOTOKAA

Mwaka wa 1992 lilifunguliwa kando ya mto jumba kubwa la kuonyeshea samaki, lililogharimu dola milioni 45, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitolewa na wafadhili. Wageni walianza kumiminika. Hapo ilizuka taabu nyingine: kama kila mgeni angeleta motokaa yake mpaka majini, ukingo wote ungegeuka uwanja wa motokaa, na mto ungefichwa tena kama ulivyofichwa na maghala.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Yalijengwa majumba ya kuwekea motokaa penye ncha mbili za mji, moja karibu na mto na jingine karibu na stesheni ya zamani ya reli. Mwenye motokaa aliiacha hapo kwa malipo, kisha akapanda basi la umeme bila kulipa nauli. Ada za kuweka motokaa ndizo zilizosaidia kuyaendesha mabasi hayo. Mwaka wa 1993 daraja la zamani la Walnut Street, lililokuwa limefungwa kwa motokaa tangu 1978, lilifunguliwa tena kwa watu waendao kwa miguu. Tena mwaka wa 2005 kazi nyingine ya dola milioni 120 ilikamilika: ile barabara ya malori ilipunguzwa upana, na bustani zikashuka mpaka majini.

NYUMBA ZA NANI?

Lakini kila jema lina gharama yake. Kiwanja ambacho zamani hakikutamaniwa na mtu sasa kinagombewa na matajiri, na bei ya ardhi ikipanda, kodi ya nyumba nayo hupanda. Mkopo humfaa mwenye mshahara wa kutosha; aliye mpangaji tu hubaki na hofu ya kuhamishwa.

Hofu hiyo ina asili yake. Mwaka wa 1838 Wacherokee walifukuzwa katika nchi yao, na wengi wao waliondokea kwenye bandari ya mto huo huo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, sehemu kubwa ya mtaa wa Westside, uliokuwa makazi ya Wamarekani weusi wengi, ilibomolewa kwa jina la maendeleo, na jamaa nyingi zikatawanyika. Kwa hiyo, katika miaka ya 2020, ilipopangwa kujenga upya nyumba za serikali katika mtaa huo, jambo la kwanza walilotaka kujua wakazi halikuwa uzuri wa ramani, bali kama wao watarudi humo. Waliahidiwa kwamba kila nyumba ya zamani itakayobomolewa italipwa kwa nyumba mpya ya kodi nafuu. Ahadi hiyo ndiyo mizani ya kazi yote.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Bustani, daraja na jumba la samaki vimewaleta wageni wengi Chattanooga, na fedha zao zimeufaa mji. Lakini mwenyeji atakuwa amepona kweli siku ile mfagiaji wa jumba hilo, amalizapo kazi yake jioni, atakapoweza kufuata ukingo wa mto kwa miguu mpaka kwake, katika nyumba ambayo mshahara wake unatosha kuilipia kodi.